Jinsi ya kuweka kapsheni laivu kwenye taarifa ya habari ya Kiswahili bila kuaibika hewani

Kila wiki kuna mtu ananitafuta na swali lilelile: "Kaka, nikichomeka sauti ya studio kwenye programu ya kugeuza maneno kuwa maandishi, si kapsheni zinatoka zenyewe?" Zinatoka ndio, ila hizo zitakazotoka ndo zitakufanya uchomoe waya kabla hata ya habari za michezo. Nimechoka kujibu mmoja mmoja kwahiyo naweka yote hapa, kuanzia kebo mpaka namna ya kupima kama kazi yako inasomeka.

Huu mwongozo ni kwa wale wa TV ndogo, TV za mtandaoni, vituo vya mikoani, vijana wawili watatu na mixa moja. Kama una milioni nyingi za kununua mtambo wa kapsheni wenye kila kitu huhitaji kunisoma mimi.

Jambo moja ulishike kabla ya yote: mashine ya kutambua sauti usiipe kazi yote. Mtangazaji anasoma prompta, ile skrini ya maandishi iliyo mbele ya kamera, si ndio? Maana yake sehemu kubwa ya taarifa ya habari tayari imeandikwa, ipo kwenye kompyuta ya chumba cha habari tangu jioni. Kwanini umlazimishe kompyuta asikilize na akosee kitu ambacho unacho mkononi kikiwa safi? Mashine ibaki na zile sehemu zisizo na skripti: mwandishi aliyepo eneo la tukio, mgeni wa studio, mkuu wa mkoa anayeongea kwenye upepo. Na hata hapo, kati ya mdomo wa mkuu wa mkoa na mashine, weka mtu. Huyo mtu mimi namuita mrudiaji, anavaa hedifoni, anasikiliza, anarudia maneno yale yale kwa sauti iliyotulia kwenye maiki yake, mashine inamsikiliza yeye tu. Wala sio ujanja wangu. NHK ya Japani walianza kutumia utambuzi wa sauti kwenye kapsheni za habari mwaka 2000, na BBC wakaanza na warudiaji mwaka 2001. Wenye hela wanatumia mtu, we unataka kuruka hiyo hatua?

Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

- Mixa yenye njia ya AUX (njia ya pembeni ya kutolea sauti unazochagua) iliyo huru, na saundikadi ya USB hata ile ya bei ya kawaida.
- Hedifoni yenye maiki inayokaa karibu na mdomo. Usitumie maiki ya laptopu, tafadhali sana.
- Chumba kidogo kimya. Stoo yenye mapazia na magodoro ni bora kuliko ofisi nzuri yenye AC inayounguruma.
- Kompyuta mbili. Moja ya utambuzi wa sauti, moja ya OBS, ile programu ya bure ya kuchanganya picha na kurusha matangazo. Unaweza kubana kwenye moja ila ntakukumbusha siku ikiganda.
- Kama unatumia huduma ya mtandaoni, intaneti ya waya na bando la akiba kwenye simu. Kama unatumia ya ndani ya kompyuta yako, kadi ya picha ya NVIDIA yenye memori ya kutosha, nitaeleza.
- UPS. Umeme hautakuambia unaenda.
- Watu wawili wa kurudia na mmoja wa kuachia mistari ya skripti ipande kwenye skrini. Mrudiaji mmoja akizidi dakika 15 mpaka 20 ulimi unaanza kuteleza na kichwa kinachoka, kwahiyo wanapokezana.
- Skripti ya leo pamoja na orodha ya majina ya leo. Hii ndo silaha, usiidharau.

Hatua

1. Toa sauti safi.

Kwenye mixa, tengeneza AUX inayobeba maiki za watangazaji, laini za simu na sauti za ripoti tu. Muziki wa kufungulia, jingo, matangazo ya biashara, vyote visiingie humo. Rekebisha kiwango mpaka vilele vinagusa karibu -12 dB, ukipandisha mpaka karibu na 0 sauti inapasuka na mashine inaanza kubuni. Mono inatosha. Sauti hii inaenda kwenye hedifoni ya mrudiaji, na maiki ya mrudiaji ndo inaingia kwenye kompyuta.

Angalizo: weka AUX ifuate fader (kile kitelezi cha kupandisha na kushusha sauti), yaani mtangazaji akishushwa na sauti yake ipotee kwenye AUX. Mimi kuna siku niliiweka ya kabla ya fader, tukaenda matangazo, mtangazaji akalalamika chai imepoa na mshahara haujaingia, na kapsheni kwa uaminifu mkubwa ikayapandisha yote kwenye skrini juu ya tangazo la sabuni. Kituo sikitaji. Mpaka leo nikipita pale wananiita Chai.

2. Chagua injini, yaani programu ya kutambua sauti, na uifungie lugha.

Za mtandaoni: Google na Microsoft wote wana Kiswahili, tena wanatenganisha cha Tanzania (sw-TZ) na cha Kenya (sw-KE). Jaribu zote mbili hata kama uko Dodoma, usichague kwa uzalendo, chagua kwa makosa machache.

Za ndani: Whisper ya OpenAI, ilitoka Septemba 2022, ni bure na inakaa kwenye kompyuta yako. Ina saizi: tiny, base, small, medium, large. Small inataka kama GB 2 za memori ya kadi ya picha, medium GB 5, large kama GB 10. Kwa Kiswahili tiny na base achana nazo kabisa. Whisper ilifundishwa kwa masaa 680,000 ya sauti lakini Kiswahili kilichokuwemo humo ni tone kwenye ndoo, ndo maana Kiingereza kinatoka kama maji na chetu kinakwama. Kuna watu wameiongezea mafunzo kwa rekodi za Kiswahili za Common Voice (mkusanyiko wa sauti zilizochangwa na watu), modeli hizo zipo kwenye tovuti ya Hugging Face, shusha mbili tatu uzishindanishe. Ukitaka njia ya mkato ya kuiingiza kwenye OBS kuna programu-jalizi inaitwa LocalVocal, inaendesha Whisper humo humo ndani.

Angalizo mawili. Usiache lugha kwenye "auto", mgeni akikohoa tu inaweza kuamua ni lugha nyingine na sentensi nzima ikaenda na maji. Na hakikisha kazi imewekwa kwenye "transcribe" sio "translate", maana hiyo ya pili inageuza kila kitu kuwa Kiingereza na bibi yangu kule Ifakara hakijui.

3. Lisha majina.

Kila saa kumi jioni chukua skripti, toa majina yote: watu, vijiji, taasisi, wachezaji wa kigeni. Google na Microsoft wana sehemu ya kuweka orodha ya maneno ya kupewa kipaumbele. Whisper unaiwekea maandishi ya kuanzia, ila inashika kama tokeni 224 tu (tokeni ni kipande cha neno), kwahiyo usimwage kamusi, weka ya leo peke yake.

Halafu tengeneza jedwali la kubadilisha maneno, upande huu mashine inavyokosea, upande huu inavyotakiwa. Hapa ndo utaokoa TAMISEMI, TARURA, EWURA, LATRA, DAWASA, maana vifupisho vyetu tunavitamka kama neno la kawaida na mashine haina habari navyo. Jedwali langu lilianza na mistari 20, sasa hivi sijui hata linaishia wapi.

Usiweke kwenye jedwali neno fupi ambalo linaweza kuwa ndani ya neno lingine. Chagua kubadilisha neno zima tu.

4. Panga skripti mstari kwa mstari.

Nakili habari zote za prompta, zikate vipande vya mistari miwili. Anayeachia mistari anasikiliza mtangazaji na kubonyeza kitufe kimoja, kipande kinapanda. Programu yoyote inayoweza kuandika kipande kwenye faili la maandishi inafaa, sababu OBS inaweza kusoma maandishi kutoka kwenye faili na kuyasasisha yenyewe.

Lakini usiishie hapa ukasema umemaliza. Marekani wana vituo ambavyo kwa miaka walikuwa wanatoa kapsheni kutoka prompta tu, na kasoro ikawa ileile: mwandishi akiunganishwa laivu au kukitokea dharura, skrini inabaki tupu pale pale ambapo kiziwi anahitaji kujua kuna nini. Mpaka tume yao ya mawasiliano, FCC, mwaka 2014 ikaongeza masharti ili sehemu zisizo na skripti nazo zionekane. Kwahiyo skripti na mrudiaji vinakwenda pamoja, anayeachia mistari ananyoosha kidole, mrudiaji anaingia.

5. Mfundishe mrudiaji.

Hii hatua ndo wengi wanaipita mbio na ndo inayobeba kila kitu. Mrudiaji sio mtangazaji. Hatakiwi madoido, anatakiwa sauti bapa, kila silabi imekamilika, kasi moja kama mtu anamsomea karani. Anabaki nyuma ya msemaji kwa maneno matatu manne hivi. Akizidiwa anafupisha, ruksa, bora sentensi fupi ya kweli kuliko ndefu iliyokatika.

Sasa Kiswahili chetu kina mitego yake na hii hutaipata kwenye miongozo ya wazungu.

Wa kwanza ni ukanushi. Kiingereza kinakanusha kwa neno zima, sisi tunakanusha kwa pumzi. "Waziri atajiuzulu" na "Waziri hatajiuzulu", tofauti ni H moja, ambayo nusu ya nchi hatuitamki na mashine nayo inaimeza. Fikiria hiyo kwenye skrini saa mbili usiku. Mrudiaji akisikia ukanushi wa namna hii asirudie neno lile lile, ageuze: "Waziri amesema hapana, hana mpango wa kujiuzulu". "Hatahudhuria" iwe "hatakuwepo, amesema hapana". Inarefuka kidogo lakini hakuna mtu atakayekupigia simu usiku.

Wa pili ni R na L. Mimi mwenyewe nina shida hiyo sikatai. Kipindi cha uchaguzi mrudiaji wa aina yangu atakuandikia "wananchi wamejitokeza kupiga kula". Mchague mtu ambaye kura yake ni kura, kabla ya kuangalia cheti chake mpe asome "kura, kula, mahari, mahali" umsikilize.

Wa tatu ni namba. "Elfu mbili na mia tano" haina neno, lakini "elfu mia mbili na tano" ni 200,005 au 205,000? Kwa mazungumzo tunaelewana, mashine inachagua yenyewe. Namba za vifo, majeruhi na hela anayeachia mistari azione kabla hazijapanda, mrudiaji anyooshe kidole cha pili kama ishara. Zilizobaki ziende.

Alama za uandishi je? Kuna watu wanasema tamka "nukta" kisha jedwali ligeuze iwe alama. Nilijaribu. Ikaja habari ya uchumi, asilimia tatu nukta tano, nikapata sentensi mbili. Nikabadilisha nikatumia "kituo", ikaja habari ya kituo cha afya. Nikaacha. Tumia kitufe: kibodi ndogo ya namba ya USB, kitufe kimoja nukta, kingine mkato, kingine kubadilisha msemaji. Mkono unafanya kazi mdomo ukiendelea.

6. Panga skrini.

Mistari miwili, basi. Herufi 32 mpaka 37 kwa mstari, fonti isiyo na madoido, maandishi meupe kwenye boksi jeusi linaloonyesha kidogo nyuma. Kiswahili kina maneno marefu, "waliosababisha" peke yake ni herufi 14, kwahiyo weka mpangilio usikate neno katikati, lishuke lote mstari wa pili. Msemaji akibadilika weka >> mwanzoni kama wanavyofanya Marekani, au badilisha rangi kama Waingereza.

Kapsheni zikae juu ya ule mstari wa habari unaotembea chini na juu ya jina la mgeni. Na zisimguse mkalimani wa lugha ya alama! Nimeona kapsheni imekaa juu ya mikono yake, sasa hapo umemsaidia nani. Na kapsheni hazichukui nafasi yake, kiziwi aliyekulia kwenye lugha ya alama, Kiswahili cha maandishi kwake kinaweza kuwa lugha ya pili. Kapsheni zinawafaa sana waliopoteza usikivu ukubwani, wazee wetu, na yule aliyeko kwenye daladala bila earphone. Kenya sheria yao ya watu wenye ulemavu ya 2003 ilishataka taarifa zote za habari ziwe na mkalimani au sabutaito; we ukiweza vyote viwili weka vyote.

7. Punguza kuchelewa.

Ofcom, wasimamizi wa utangazaji wa Uingereza, inalenga kapsheni laivu zisichelewe zaidi ya sekunde 3. Kwa njia ya mrudiaji utajikuta kwenye 4 mpaka 7, ni kawaida mwanzoni. Dawa ni kuchelewesha picha kidogo ili maandishi yaifikie, na hapa watu wengi wanaangukia pua: wanaenda kwenye OBS wanawasha "Stream Delay". Hiyo inachelewesha kila kitu pamoja na kapsheni, hujapata kitu! Unatakiwa kuchelewesha chanzo cha kamera peke yake, kwa kichujio cha "Video Delay (Async)", kisha sauti uiwekee "Sync Offset" ya kiasi kile kile. Ile "Render Delay" haikufai, inaishia milisekunde 500. Anza na sekunde 4. Kumbuka picha zinazosubiri zinakaa kwenye RAM, kompyuta ya GB 8 inaweza kulia.

8. Fanya mazoezi na taarifa ya jana.

Usiende hewani kabla ya kurudia taarifa za siku tano zilizorekodiwa. Kila moja pima dakika 10. Kipimo kinachotumika sana kinaitwa NER: chukua idadi ya maneno, toa makosa ya mhariri (alichoacha au kubadilisha mrudiaji), toa makosa ya utambuzi, gawanya kwa idadi ya maneno, zidisha kwa 100. Kosa dogo linahesabiwa 0.25, la kawaida 0.5, kubwa 1. Kosa kubwa ni lile linalompa mtazamaji habari ya uongo ambayo inaingia akilini, kama ile H ya waziri. Mfano maneno 1,000, madogo 8, ya kawaida 16, makubwa 3, jumla ni 2 na 8 na 3, yaani 13, unapata asilimia 98.7. Mpaka wa kukubalika ni 98. Ukiwa 96 usijipongeze, rudi kwenye majina na maiki.

Na mlete mtazamaji kiziwi akae pembeni wakati wa mazoezi, ongea na tawi la CHAVITA (Chama cha Viziwi Tanzania) lililo karibu. Sisi tulifikiri tatizo letu ni makosa, aliyekuja akatuambia makosa anayaelewa, kinachomuudhi ni mistari inavyoruka ruka.

9. Weka kitufe cha kuzima.

Kitufe kimoja kinachoficha kapsheni zote mara moja, na kila mtu kwenye chumba anakijua kilipo. Jina la mtoto aliyefanyiwa ukatili likitajwa kwa bahati mbaya, sauti inapita, ila maandishi mtu anapiga picha ya skrini.

Ikikwama

Maandishi yanasimama yenyewe baada ya muda. Kama unatumia utambuzi wa ndani ya kivinjari cha Chrome, hiyo ni tabia yake, ikikaa kimya inakata. Weka skripti ya kuiwasha upya kila ikikata.

Inaandika maneno ambayo hakuna aliyeyasema, mfano inashukuru watu kwa kutazama wakati wa muziki. Hiyo ni Whisper, ukimya na muziki vinaifanya iote ndoto. Washa kichujio cha kutambua kama kuna sauti ya mtu (VAD), na rudi hatua ya 1 kwenye muziki.

Mstari mmoja unajirudia rudia kama sahani iliyokwaruzika. Whisper tena. Zima ile sehemu ya kutegemea maandishi yaliyotangulia, "condition on previous text".

Kuchelewa kunaongezeka kadri taarifa inavyoendelea, dakika ya kwanza sekunde 4, ya ishirini sekunde 15. Kompyuta inazidiwa, au laptopu imepata joto na kujipunguza kasi. Shuka saizi moja ya modeli, inua laptopu kwenye vitabu, elekeza feni.

Mbunge anachanganya Kiingereza na Kiswahili, maandishi yanakuwa uji. Mashine iliyofungiwa Kiswahili haiwezi. Mrudiaji atafsiri palepale, "we are on track" iwe "tunaendelea vizuri".

Mrudiaji wako anatokwa na mafua. Sauti ya puani inashusha usahihi kuliko unavyofikiri, mwambie apumzike, mwite wa pili, na kama wa pili hayupo leo toa kapsheni za skripti tu na kwenye ripoti za laivu andika "Mahojiano ya moja kwa moja, kapsheni hazipatikani kwa sasa". Hiyo nayo iweke tayari kwenye kitufe, usiichape ukiwa hewani mikono inatetemeka.

Intaneti imekata katikati ya habari. Kitufe kile kile cha "kapsheni hazipatikani", skripti zinaendelea, bando la simu linawashwa na mtu wa tatu, sio na mrudiaji.